Wiki ya Peponi, na bibi yangu Ujiji

Wiki hii nimesoma sana jamani, kuliko wiki zote tangu Ramadhani iishe. Umeme ulikuwa unakatika tangu asubuhi kwahiyo cherehani yangu ya mota imelala tu pale kibarazani Mwanga, hapa Kigoma, halafu zamu yangu ya kukaa na Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ndo ilikuwa imefika. Sisi ni watu wanne tunasoma nakala moja kwa kupokezana, ilitoka Dar, kila mtu anakaa nayo siku kumi, na Jumamosi jioni tunakutana Ujiji nyumbani kwa dada mmoja mwalimu, kila mtu anasema ameishia wapi na ameonaje. Jumamosi iliyopita nilikuwa bado niko pale Yusuf, yule mtoto wa kwenye hadithi, ndo kwanza anafikishwa dukani. Jana nimefika nimeshakimaliza, na juu yake nimerudia nusu nzima ya maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa Zanzibar, aliyoyasimulia mwenyewe, ambayo ninayo ya fotokopi.

Kwa ambao hawajakipata, Gurnah alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, Nobel akapewa 2021, na hii tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatolewa na Mkuki na Nyota 2022. Cha Kiingereza nilishawahi kuazima nikaishia njiani. Hiki cha Kiswahili kimenibeba chenyewe, yani unamsikia Khalil, kijana wa dukani, anavyomfokea mwenzake unajua kabisa huyu mtu yupo, unaweza kumkuta mtaani. Mi naona kitabu kimerudi kwao.

Sasa kilichonifanya nirudie Tippu Tip ni umri. Yusuf anaondoka kwao akiwa kwenye mwaka wake wa kumi na mbili, baba yake ana deni kwa tajiri Aziz kwahiyo mtoto anachukuliwa, anaambiwa anaenda kutembea na ami yake. Nikakumbuka Tippu Tip naye anaanza kusimulia hapohapo, yeye anasema alipokuwa mtu wa miaka thenashara alianza safari za karibu akifanya biashara ya sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti. Vijana wawili, umri mmoja, mmoja anaanza kuuza mwingine ndo kauzwa! Niliweka vitabu viwili mezani, hiki huku na kile kule, nikawa nasoma huku nachungulia na kule, na sikulala mapema siku hiyo.

Mi ni fundi wa nguo kwahiyo macho yangu yanaenda kwenye vitambaa. Misafara ile pesa yake ilikuwa nguo. Merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka Marekani ndo maana kikaitwa hivo, na kaniki ile nyeusi nyeusi ya buluu, na shanga. Doti ilikuwa kipimo, mikono minane, na leo mteja akija kwangu anasema nishonee doti hii ya khanga hajui anatamka neno la wachukuzi wa pembe. Na hongo pia, hongo ilikuwa malipo ya kupita kwenye nchi ya mtu, msafara unafika kwa mtemi au sultani unatoa nguo unapewa njia. Ukisoma Peponi ukiwa unalijua hilo utaelewa kwanini kila wakifika mahali kunakuwa na maneno marefu ya zawadi, sio upuuzi, ni ushuru.

Halafu kuna Chatu. (Hapa nasimulia kidogo, kama hujafika ruka aya hii.) Msafara wa Aziz unavuka ziwa, unafika mji wa Chatu, na Chatu anawanyang'anya kila kitu kwa sababu wafanyabiashara waliotangulia walimdhulumu, mpaka anatokea Mjerumani anaamuru warudishiwe mali yao. Sasa nenda kwa Tippu Tip kwenye habari za Nsama. Nsama naye sultani mwenye pembe nyingi, Tippu Tip anachomwa mishale, lakini yeye anashinda, anachukua pembe, na kuanzia hapo jina lake linakua. Ni kama tukio moja limesimuliwa na aliyeshinda na likasimuliwa na aliyeshindwa. Jana nililisema hili na kaka mmoja kwenye kundi letu akakataa, akasema hadithi ya kutungwa huwezi kuiweka sawa na habari ya kweli. Mi nikamwambia habari ya kweli ya nani? Tippu Tip mwenyewe anasimulia bila kusita jinsi wapagazi walivyomtoroka akaenda kukamata watu vijijini Uzaramo, mia kadhaa, akawabebesha mizigo, wakamwita Kingugwa, chui yule. Anasimulia vizuri sana, Kiswahili chake kitamu hakina mfano, lakini tafuta jina la mpagazi mmoja tu kati ya wale. Gurnah ndo anakuonyesha yule aliyeliwa uso na fisi usiku, anakuonyesha vidonda vya mabega.

Kitu ambacho sijakipenda sana ni pale karibu na mwisho, mambo ya bustanini na Bibi Zulekha, mke wa Aziz. Najua Gurnah anapitia kisa cha Nabii Yusuf, Aziz, Zulekha, kanzu kuchanika kwa nyuma, sisi wote tuliopita madrasa tunalikamata mara moja, na kwa sababu unalikamata mapema unakuwa unasubiri tu lifike. Mwalimu wetu yeye anasema hapo ndo pazuri kuliko pote. Tumebishana mpaka chai imepoa.

Mwisho wenyewe sitausema ila niliufunga huo ukurasa nikakaa kimya. Mtoto ana njia mbili na zote ni za kutumikishwa.

Usiku wa jana baada ya kutoka kwa mwalimu nikalala kwa bibi, hapohapo Ujiji. Bibi ni Mmanyema, bibi yake yeye aliletwa mdogo kutoka upande wa pili wa ziwa, akalelewa kwenye nyumba ya tajiri mmoja, na kwenye ukoo wetu hiyo habari huwa inaishia hapo, aliletwa, akalelewa, basi. Macho ya bibi hayasomi tena kwahiyo nikamsomea. Nilianza mwanzo, Yusuf kwenye treni, Yusuf dukani, nikafika pale Khalil anamgombeza kwamba yule sio ami yako, acha kumwita ami, huna ami hapa.

Bibi akanishika mkono nisiendelee. Akakaa. Kisha akasema, "Na bibi yetu alikuwa akimwita ami. Yule tajiri. Mpaka anakufa alimwita ami."

Sikumuuliza kitu. Akasema nirudie hapo, nikarudia, akasema tena, nikarudia. Ilikuwa kama saa tano usiku.

Kitabu kilitakiwa kiende kwa mwenzangu Jumatano. Nimempigia asubuhi hii nimemwomba anisubiri mpaka Jumamosi, bibi anataka tukimalize, tunasoma kila siku baada ya isha.