Mstari wa 41

Katika mwaka wa tatu wa masomo yangu ya uzamivu niliandika tarakimu moja katika kisanduku kimoja cha jedwali, na tarakimu hiyo imenikaa moyoni kuliko sura nzima za tasnifu niliyoitetea baadaye. Ilikuwa 1. Katika utaratibu tuliojiwekea, 0 ilimaanisha kwamba mshiriki hakutumia heroini wala dawa nyingine ya jamii ya afyuni katika siku 30 zilizotangulia mahojiano, na 1 ilimaanisha kwamba amerudi kutumia. Mshiriki mwenyewe simtaji hapa kwa jina, kama ambavyo sikumtaja popote wakati ule. Katika karatasi zetu zote alikuwa 41, na tulipokutana ana kwa ana nilimwita kaka, kwa kuwa alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, naye akaniita dada daktari, ingawa nilimweleza mara kadhaa kwamba sijawa daktari wa aina yoyote.

Utafiti wangu ulihusu vichocheo vya hamu. Nilitaka kujua kwa nini mtu aliyekwisha kuvuka arosto, yaani yale mateso ya mwili yanayofuata kuacha dawa, ambaye mwili wake haumdai tena dawa, hushikwa ghafla na hamu kali anapopita mahali fulani, anapoona sindano, au anaposikia sauti ya mtu aliyezoea kutumia naye. Wazo lenyewe si jipya. Abraham Wikler, aliyefanya kazi katika hospitali ya Lexington nchini Marekani, alieleza tangu mwaka 1948 kwamba dalili za arosto zinaweza kufungamana na mazingira, kiasi kwamba mtu aliyekwisha kuacha dawa huanza kupiga miayo na kutokwa na machozi na kamasi pale tu mazungumzo yanapoigusia. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake walionyesha upande mwingine wa jambo hilohilo: panya waliozoeshwa heroini katika chumba kimoja, walipopewa dozi kubwa katika chumba kigeni, walikufa 64 kati ya kila 100, ilhali waliopewa dozi ileile katika chumba walichokizoea walikufa 32. Mwili hupatambua mahali na kujiandaa kabla dawa haijaingia. Nilikuwa nimeyasoma haya mara nyingi, nimeyafundisha kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, nikayaandika katika pendekezo langu la utafiti kwa ufasaha uliosifiwa na kamati, na niliamini kwamba nimeyaelewa.

Kuhusu maisha ya mwanafunzi wa uzamivu katika uwanja huu, nitasema jambo moja tu kabla ya kuendelea. Watu wakikuuliza unachosoma, ukawajibu, wengine hunyamaza na wengine hukuvuta pembeni. Wanaokuvuta pembeni wana baba, au mke, au mtoto wa mwisho, au wao wenyewe wana cha kueleza, na hueleza kwa sauti ya chini wakitazama mlango. Katika ngazi na korido za chuo nilisikia siri nyingi kuliko nilizosikia katika mahojiano yaliyoidhinishwa, na hakuna aliyenifundisha mahali pa kuziweka. Nilifundishwa namna ya kufungia kabati la fomu za ridhaa kwa funguo mbili.

Kaka 41 alikuja mahojiano ya kwanza na ya mwezi wa tatu akiwa amewahi kwa nusu saa, shati limepigwa pasi, majibu yake mafupi na ya kweli. Mahojiano ya mwezi wa sita hakutokea. Itifaki, yaani mpango wa utafiti tuliojifunga kuufuata, ilituruhusu kumhoji mtu ndani ya siku 14 kabla au baada ya tarehe yake, na ilieleza hatua kwa hatua namna ya kumtafuta: simu tatu katika siku tofauti, barua isiyotaja dawa wala kliniki, kisha simu kwa mtu mmoja ambaye mshiriki mwenyewe alimteua. Nilifuata hatua zote. Mtu aliyemteua alikuwa mama yake, ambaye sikuruhusiwa kumwambia zaidi ya kwamba napiga kutoka chuo kikuu. Aliniuliza kama kijana wake amefanya kosa. Nilimjibu hapana, shikamoo tena mama, naomba tu umwambie nimemtafuta. Akasema yupo, ni mzima, atamwambia.

Siku ya 14 ilipita, na jioni yake nilifungua jedwali, nikashuka hadi mstari wa 41, nikaandika 1.

Sikuandika kwa uzembe. Kanuni ya kumhesabu aliyepotea kuwa amerudi kutumia ina sababu zake, nami nilizikubali na bado nazikubali kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1971 Hunt, Barnett na Branch walikusanya takwimu za watu waliojaribu kuacha heroini, sigara na pombe, wakakuta mistari mitatu ya grafu inayofanana mno: karibu theluthi mbili ya watu walikuwa wamerudi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Aliyerudi mara nyingi huona haya na kukwepa kuonekana. Kliniki ikiruhusiwa kuwahesabu wale tu wanaokuja wenyewe na tabasamu, kila tiba itaonekana kuwa muujiza. Ndiyo maana katika utafiti wa kuacha sigara ulikuwapo tangu mwaka 2005 mwongozo uliopendekezwa na Robert West na wenzake, unaotaka wanaopotea wahesabiwe kuwa wanavuta. Ni kanuni ya kumbana mtafiti ili asijipendelee. Nilipoiandika katika itifaki yangu nilijiona mtu mkali na mwaminifu.

Siku 17 baada ya muda huo wa siku 14 kwisha, simu yangu ililia kwa nambari nisiyoijua. Alikuwa yeye. Alisema, "Dada daktari, niko barabarani, ng'ambo ya lango lenu. Mimi humo ndani siingii. Kama unaweza, toka wewe."

Nilitoka. Nilimkuta amesimama akiwa ameupa mgongo ukuta wa kliniki, kama mtu anayezuia upepo, na alipoanza kuzungumza hakugeuka kuutazama hata mara moja. Aliniomba radhi kwa kuwa mama yake alimwambia sauti yangu katika simu ilikuwa na wasiwasi. Kisha akanieleza. Katika mahojiano ya mwezi wa tatu, kabla ya maswali, muuguzi alimfunga mkono kwa mpira, akampaka spiriti kwa pamba, akatoa damu kwa ajili ya vipimo. Harufu ya spiriti, mkazo wa mpira juu ya kiwiko, na ncha ya sindano inayoukaribia mshipa vilimfanya asisikie neno hata moja nililomwambia baadaye, ingawa alinijibu maswali yote. Alitoka hapo akatembea hadi usiku wa manane, kwa sababu njia fupi ya kwenda kwao ilipita kwa mtu aliyekuwa akimuuzia unga, na hakuiamini miguu yake. Alifika nyumbani bila kutumia. Akaapa kwamba mahali pale hatakanyaga tena.

"Sijarudi, dada," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza ulipoandika jina langu mpaka leo sijarudi. Sikuja kwenu ili nisirudi. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyoweza kujua. Kipengele cha kutoa damu hakikuwa cha lazima kwa swali langu kuu. Mimi ndiye niliyekiongeza, kwa sababu mtahini mmoja wa ndani aliniambia kwamba vipimo vya kibaiolojia vingeipa tasnifu uzito. Nilikuwa mtafiti wa vichocheo vya hamu, niliyesoma Wikler na Siegel, na nilikuwa nimemwalika mtu aliyejidunga kwa miaka kuja kufungwa mpira mkononi na kunusishwa spiriti, kisha nikamwachilia aondoke peke yake wakati wa jioni. Alipofanya jambo la busara kuliko yote, yaani kukikwepa kichocheo, nilimwandikia 1.

Hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo sikuwa nimeliandaa jibu. "Kwa hiyo mmeniandika vipi?"

Ningeweza kumwambia kwamba matokeo ni siri mpaka utafiti ukamilike. Nilimwambia ukweli: tumekuandika umerudi. Nilimweleza kanuni, siku 14, sababu zake. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akauliza kama inaweza kufutwa. Nikasema sijui, nitauliza. Akaniambia niulize, kisha akavuka barabara na kwenda zake.

Msimamizi wangu alinipokea jioni ileile. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nadhani nilipaza sauti. Profesa aliniacha nimalize, akaniambia jambo ambalo lilinikera kwa sababu lilikuwa sahihi: kanuni tuliiweka kabla hatujaona data, na tukiisogeza kwa ajili ya mtu mmoja kwa kuwa tunampenda na jibu lake linatufurahisha, hatutakuwa na neno la kuwaambia wengine waliochelewa na majibu yasiyotufurahisha. Uchambuzi mkuu ungebaki kama ulivyo. Tungeweza kuongeza uchambuzi wa pili, uliotangazwa waziwazi kuwa umeongezwa baadaye, kupima kama hitimisho lingebadilika endapo waliopotea wangehesabiwa kwa namna nyingine. Na tungeweza, akasema, kuwatafuta upya wale wote niliowaandika 1 kwa kutokuja, mradi kamati ya maadili iturudishie ruhusa ya kuwahoji nje ya kliniki.

Kisha akanikumbusha mtafiti wa Kimarekani, Lee Robins. Nilijua matokeo yake kama kila mtu katika uwanja wetu anavyoyajua: askari wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini kule Vietnam, waliporudi kwao mwaka 1971, ni takribani 5 tu kati ya 100 waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza, na takribani 12 katika miaka mitatu. Sikuwa nimewahi kufikiri ilikuwaje tukayajua hayo. Timu yake iliwafikia na kuwahoji zaidi ya 9 kati ya kila 10 wa wale iliowateua, mmoja mmoja, huko walikokuwa wanaishi, mbali na mahali walipotumia. Kama wangewangojea hospitalini na kumhesabu kila asiyekuja kuwa amerudi, mojawapo ya mambo muhimu zaidi tunayoyajua kuhusu uraibu na mazingira lisingejulikana kamwe.

Ruhusa ya kamati ilichukua muda, na katika muda huo nilikiondoa kipengele cha damu kwa waliosalia. Halafu nikaanza kuwatafuta. Sitadai kwamba niliwakuta wengi wako kama kaka 41. Wengi wa niliowapata walikuwa kweli wamerudi, na baadhi yao waliniambia hivyo kabla sijauliza, kwa uchovu. Wawili walinieleza kwamba waliikwepa kliniki kwa sababu inayofanana na yake. Mmoja alikuwa amefariki. Ndugu yake aliyepokea simu alinieleza kwamba alikuwa amemaliza tiba vizuri, amekaa wiki kadhaa bila kutumia, kisha akatumia mara moja, kipimo alichokizoea zamani. Nilijua maelezo yake ya kitaalamu, kwamba mwili ukikaa bila afyuni hupoteza ule uwezo wa kustahimili dozi, na kwamba siku za mwanzo baada ya kuacha ndizo zenye hatari kubwa ya kufa. Kanuni yetu ilisema waliofariki waondolewe katika hesabu. Niliufuta mstari wake, nikafunga kompyuta, na kwa siku nne sikuifungua.

Mahojiano ya mwezi wa 12 ya kaka 41 tuliyafanya katika chumba kidogo cha maktaba, alichokichagua mwenyewe, chenye dirisha linalotazama miti. Safari hii hakupiga pasi shati. Aliniambia kwamba katika mwezi wa tisa alitumia kwa siku mbili, baada ya msiba, kisha akaacha, na kwamba hakuna aliyemwona wala kumsikia, kwa hiyo angeweza kutoniambia. Nilimshukuru. Siku 30 zilizotangulia mahojiano zilikuwa safi, na kipimo cha mkojo kilithibitisha hivyo.

Tulipomaliza aliniuliza, "Na leo mmeniandika vipi?"

Nilimwambia ni sifuri. Akaomba kuona. Nilificha mistari mingine yote ukabaki wake peke yake, nikamgeuzia kompyuta. Alipitisha kidole hewani mbele ya kioo, bila kukigusa, kutoka mwezi wa tatu hadi wa sita, akakisimamisha hapo.

"Hii ndiyo ile."

"Ndiyo, kaka."

"Na mwezi wa tisa haumo."

"Haumo. Hatukuwa na mahojiano mwezi wa tisa."

Alitazama kwa muda mrefu zile tarakimu nne, kisha akavuta kiti nyuma, akaniuliza kama fomu ya nauli aisaini hapa au kule chini.