Wavu Uliosongwa Nje ya Mbudya

Kunduchi mwenye boti aliongeza nusu ya bei tuliyopatana, eti kuburuta wavu kunakula petroli. Si kweli. Wavu wa planktoni, viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji, huburutwa polepole, kama mita 1 kwa sekunde. Ukizidisha, maji hukwepa mdomo wa wavu badala ya kupita ndani, na viumbe laini huchanika kwenye nyuzi. Nililipa hivyo hivyo. Kaskazi ilikuwa imetulia na shwari ya namna ile haidumu.

Nje ya kisiwa cha Mbudya maji yalikuwa na michirizi ya kahawia, mithili ya vumbi la mbao. Nahodha alidhani meli imemwaga uchafu. Ilikuwa Trikodesmiamu, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua na kuungana nyuzinyuzi. Wana vifuko vidogo vya gesi vinavyowaelesha, na wanaweza kutumia nitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini, ndiyo maana hustawi pale ambapo wengine wamekosa mbolea. Kusi ikivuma, mawimbi huwachanganya na maji ya chini. Bahari ikitulia hupanda juu.

Tulikuwa na nyavu mbili zenye mdomo wa sentimita 50: ya matundu ya mikroni 200 (mikroni 1,000 ni milimita 1) kwa planktoni wanyama, na ya mikroni 20 kwa walio wadogo zaidi. Hii ya pili ndiyo iliyokula mchana wetu. Kipimamaji, kifaa kinachopima maji yanayoingia wavuni, kilichofungwa mdomoni kilizunguka vizuri mwanzoni, kikalegea, kikakaribia kusimama huku boti ikienda. Wavu ulikuwa umeziba. Kuburuta mita 300 kwa mdomo huo kunapaswa kuchuja karibu mita za ujazo 59. Asiye na kipimamaji atagawanya hesabu yake kwa maji ambayo hayakuingia, na bahari iliyofurika uhai itaonekana maskini.

Hapo hakuna ujanja ila kuuosha wavu kwa maji ya bahari kutoka nje, kuanzia mdomoni kushuka hadi chupa ya mkiani, kisha kuburuta kwa dakika 1 tu au kuuzamisha na kuuvuta wima. Sampuli iingie mapema kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 4 yenye boraksi ya kuzima asidi yake. Pasipo boraksi, asidi hula maganda ya konokono wachanga.

Wavu wa mikroni 200 ulileta kopepodi, jamaa wadogo wa kamba, wachache mchana. Jua lilipozama, palepale, walijaa chupa. Mchana hukaa chini gizani wakiwakwepa samaki wanaowinda kwa macho. Usiku hupanda kula. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima na wao hawawezi kushindana nao, lakini kasi ya maji juu na chini haifanani. Kwa kupanda na kushuka, kiumbe wa milimita 1 au 2 anabadilisha atakakopelekwa. Hilo linanistaajabisha kila nikiliwaza.

Kwetu Mwanza wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika. Dagaa hao hula kopepodi, na mwanga wa mwezi huwazuia kopepodi wengi kupanda juu kabisa. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha sampuli ya Mbudya na ya mwezi uliopita aandike saa, kama maji yanajaa au yanakupwa, na mwezi una siku ngapi tangu uandame. Pasipo hayo, hesabu mbili za usiku hazilinganishiki.