Mabawa ya begani

Leo nilikua nasubiri treni, mvua ikanifukuza nikajikuta ndani ya makumbusho madogo ya kikosi kimoja huku Uingereza, na sasa hivi ni saa sita usiku silali kwa sababu ya koti.

Koti jekundu la mpiga bendi wa jeshi, la kabla ya vita ya 1914. Kola nyeupe, manake tangu 1881 rangi ya kola na ya mwisho wa mikono ilionyesha kikosi ni cha wapi, nyeupe England na Wales, njano Skotlandi, kijani Ayalandi, na vile vyenye jina la kifalme bluu. Pembeni kofia ngumu ya bluu yenye kichuma kilichochongoka juu.

Ila mimi nilisimama kwenye mabega. Mpiga bendi alikua anashonewa mabawa, vipande vya kitambaa vimepinda kama mwezi mchanga vimepambwa kwa utepe mweupe, askari wa kawaida hana. Nimekulia chini ya cherehani ya mama, kwahiyo jicho linaenda kwenye mshono kwanza, na bawa la kulia mtu kalirudishia kwa mkono, uzi mnene, hatua ndefu ndefu, ya mtu anayewahi gwaride asubuhi. Ndani ya kola jasho limeacha doa la kahawia. Alipuliza huyu mtu jamani, alipuliza kweli.

Kaki ya vitani ilishaingia toka 1902, nyekundu ikabaki ya gwaride na sherehe. Vita ilivyoanza makoti haya yakafungiwa stoo, na wapiga bendi wengi kazi waliyopewa ni kubeba machela, yaani mikono iliyozoea tarumbeta ndo ikaenda kuokota majeruhi chini ya risasi. Hapo nilishindwa kuondoka, treni ikapita.

Nikamkumbuka babu mzaa mama, Tanga, alikua wa kundi la Marini kwenye ngoma ya beni, ile ya kuiga bendi za jeshi. Jina beni lenyewe si limetoka kwa hizihizi bendi, na vifungo vya shaba alikua anavisugua kwa majivu mpaka unajiona sura. Nimempigia mama kuuliza koti la babu liko wapi. Kasema liliisha zamani, likawa matambara, vifungo sita tu vipo kwenye kopo la sindano.

Nimemwomba asivitoe kwa mtu mpaka nije.