Vijipicha vya kurasa, jamani!

Wasomaji wa PDF ndefu, hivi mnavitumia vile vijipicha vya pembeni? Siku hizi nikifungua faili kwenye Firefox nabonyeza F4, safu inatokea, halafu natafuta jedwali au mchoro kwa macho tu. Umbo la ukurasa unalitambua hata kama maandishi hayasomeki.

Kinachonikera ni programu ambazo ukisogeza hati, safu ya vijipicha inabaki palepale. Unajikuta ukurasa wa 140, yenyewe bado inakuonyesha jalada! Na namba je? Ukurasa umechapwa xii, chini ya kijipicha wameandika 14. PDF inaweza kubeba lebo halisi za kurasa, kwa hiyo sioni kisingizio. Mwenye programu inayofanya yote mawili vizuri anitajie.