Tabaka za grafiti zilivyoachana mbele ya macho yangu

Jamani kuna kitu kimenikaa kichwani wiki nzima acha nikiandike. Nilikuwa napiga hesabu za kwanta za grafiti, yaani kompyuta inakokotoa elektroni na atomu zake zinavyokaa, hiyo hiyo iliyomo kwenye penseli, niliichagua makusudi maana ni kaboni tupu, unaweka atomu nne kwenye kijisanduku halafu programu inakirudia pande zote mpaka inakuwa fuwele nzima.

Basi nikaiacha kompyuta ijitafutie kila atomu ikae wapi. Grafiti ni tabaka za kaboni zilizolaliana, na ndani ya tabaka moja mambo yakawa safi kabisa, kaboni kwa kaboni nanomita 0.142 kama inavyopimwa maabara. Ila umbali wa tabaka na tabaka, ambao unatakiwa uwe 0.335, ukawa unapanda tu, 0.36, 0.39, kila hatua zinazidi kuachana, ikavuka 0.42 na bado inasogea. Nikakagua faili mara tatu nikijua nimekosea tarakimu mahali. Wala.

Kumbe ni njia yenyewe. Mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza elektroni zinavyokaa, upo tangu 1926, lakini elektroni zikishakuwa nyingi haukokotoleki moja kwa moja, kwa hiyo wengi tunatumia njia ya Kohn na wenzake ya 1964 na 1965, yaani badala ya kufuatilia elektroni moja moja unashika msongamano wao tu (Kohn alipata Nobel ya kemia 1998 kwa hilo, na alistahili kweli). Sasa kuna kipande cha nishati, cha jinsi elektroni zinavyokwepana, ambacho fomula yake kamili hakuna aliye nayo, tunakikadiria. Kadirio nililotumia ni PBE la 1996, lenyewe linatazama msongamano wa pale pale na unavyobadilika hapo karibu, basi, ule mvuto dhaifu wa van der Waals kati ya tabaka mbili zilizo mbali mbali halioni, na grafiti imeshikwa na huo huo! Ndiyo maana penseli inaandika, tabaka zinateleza zinabaki kwenye karatasi.

Kilichonishtua zaidi ni hiki. Nikarudi kwenye kadirio la zamani zaidi, LDA, likanipa karibu 0.33. Nikafurahi, halafu nikakumbuka nalo hilo halina van der Waals hata chembe, huwa linazidisha nguvu za vifungo kwa hiyo kosa moja limeziba jingine. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko lile la tabaka kukimbiana, maana lile unaliona kwa macho, hili linakuja na namba nzuri, kesho unalipeleka kwenye molekuli iliyolala juu ya madini na unaliamini.

Nikarudi kwa PBE nikaiongezea marekebisho ya Grimme ya 2010, D3, yanayoongeza huo mvuto uliokosekana, tabaka zikarudi karibu na mahali pake. Saa hizi kompyuta inapiga hesabu ya talki, yale madini laini ya poda, nayo ni ya tabaka, na tabaka zake hazina chaji wala hidrojeni ya kuzifunga pamoja, nimeituma mara mbili, yenye D3 na isiyo nayo, niko hapa nasubiri.