Usiku Io ulipotoka kivulini

Moshi, Februari 2026

Miezi hii huna haja ya kuuliza sayari ya Mshtarii (Jupita) iko wapi. Ukishakula cha usiku, toka nje, geukia mlimani, inua uso juu ya Kibo. Ile inayong'aa kuliko nyota zote za upande huo, mwanga wake umetulia wala haumetimeti, ndiyo yenyewe. Jirani zake ni nyota mbili kubwa za kundi la Mapacha. Tarehe 10 Januari dunia ilipita katikati ya jua na Mshtarii, tukawa umbali wa kilomita kama milioni 633, na tangu siku hiyo tunazidi kuachana nayo. Hali ya hewa nayo imetubeba. Vuli imekwisha, masika bado, na wingu linaloufunika mlima mchana kutwa mara nyingi likifika usiku linakuwa limeshaondoka.

Ijumaa nilikuwa uani na mpwa wangu. Yuko sekondari, sayari nane anazitaja kwa mpangilio bila kusita, lakini hakuwahi kuchungulia darubini. Yangu ni ndogo, lenzi yake ina kipenyo cha milimita 70, na inatosha kabisa. Nilimwambia afumbe jicho moja, asiguse bomba, asubiri picha itulie.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniambia anaona duara dogo la rangi ya maziwa, lina mistari miwili ya kahawia, na vinukta vimepangwa kwenye mstari mmoja kama vimepigwa rula.

"Vingapi?"

"Vitatu, Mjomba. Viwili huku, kimoja kule. Si ulisema vinne?"

Nilifurahi sana kusikia hivyo, maana Galileo, mwanasayansi wa Italia, naye usiku wa kwanza, tarehe 7 Januari 1610, akiwa Padua, aliona vitatu. Siku chache baadaye akaona vinne, na kila usiku vilikuwa vimebadilishana nafasi bila kuiacha Mshtarii. Hapo ndipo alipojua kwamba si nyota za nyuma yake, ni miezi inayoizunguka. Kwa watu waliofundishwa kwamba kila kitu cha angani kinaizunguka dunia, hili halikuwa jambo dogo. Leo tunaiita Io, Europa, Ganimedi na Kalisto. Ganimedi una upana wa kilomita zaidi ya 5,200, umeizidi hata sayari ya Zebaki, na bado kwenye darubini yangu ni nukta tu.

Wa nne usiku ule ulikuwa Io. Ulikuwa umepita nyuma ya Mshtarii, na programu ya simu ilisema utaonekana tena saa tatu na robo hivi. Nilimwonyesha mpwa wangu upande wa kuangalia. Nikamweleza pia kwamba hautachomoza ukingoni mwa sayari kama anavyotarajia. Tangu Januari tumeanza kuitazama Mshtarii kwa pembeni kidogo, kwa hiyo kivuli chake kirefu, kinachoelekea nyuma mbali na jua, kinatokeza upande mmoja. Io unatoka nyuma ya sayari ukiwa bado umo ndani ya kivuli hicho. Upo pale peupe mbele ya macho yako, na huuoni, kwa sababu mwanga wa jua haujaufikia.

Wakati tunasubiri akapita jirani yetu akirudi kutoka tarawehe. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza wiki moja, mtaa mzima una utulivu wake. Nikamuuliza swaumu inaendaje, akasema alhamdulillahi, akaomba naye aone. Aliangalia akaguna, akaangalia tena. Akauliza kama hicho ndicho kile kinachowaka juu ya mlima kila usiku anapotoka msikitini. Nilipomjibu ndiyo, akasema, "Kumbe kina watoto!" Akaenda zake akisema kesho atakuja na wajukuu.

Mpwa wangu akarudi kwenye jicho la darubini. Mimi nilishika simu kuangalia saa. Robo ikafika, ikapita kidogo.

"Mjomba. Kuna kitu."

Nilitamani kumsogeza niangalie mwenyewe, nikajizuia. Akawa ananisimulia: kapo, hakapo, kapo tena, kadogo sana, kako peke yake mahali ambapo hapakuwa na kitu, kameachana na duara. Sasa kanaongezeka. Aliponipisha, Io ulikuwa bado hafifu kuliko wenzake, na mbele ya jicho langu ukazidi kukolea mpaka ukalingana na Europa. Shughuli nzima haizidi dakika nne. Ni jua linachomoza kwenye ulimwengu mwingine, na unalishuhudia ukiwa uani Moshi umevaa kandambili.

Nikamwambia jambo ambalo mimi mwenyewe likinijia hunikosesha usingizi. Mwanga wa Io unatumia zaidi ya nusu saa kutufikia. Tulichokiona muda ule kilikuwa kimeshatokea. Akapiga hesabu akiangalia jikoni.

"Kwa hiyo kalikuwa kameshatoka kivulini sisi bado tunakula makande?"

Ndiyo hasa. Na kuna mtu aliligundua hilo kwa kuutazama mwezi huu huu. Mdenmark mmoja, Ole Rømer, alikuwa kwenye kituo cha kutazama anga cha Paris miaka ya 1670. Io unaizunguka Mshtarii kwa saa 42 na nusu hivi, hauchoki wala haupunguzi mwendo, kwa hiyo mtu anaweza kuutumia kama saa. Lakini saa hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu: dunia ikiwa inaisogelea Mshtarii, Io unawahi, na dunia ikiwa inakwenda mbali nayo, unachelewa. Mwaka 1676 Rømer akatangaza mapema kwamba tarehe 9 Novemba Io utachelewa kutoka kivulini kwa dakika 10, na ukachelewa kweli. Akaeleza sababu: mwanga nao unasafiri, unahitaji muda. Kadiri tunavyokwenda mbali, ndivyo unavyokuwa na safari ndefu zaidi ya kutufikia. Kipimo chake hakikuwa sahihi sana, kwani alidhani mwanga huchukua dakika 22 kuvuka upana wa njia ya dunia kulizunguka jua, na leo tunajua ni dakika kama 16 na nusu. Lakini wazo lilikuwa sahihi, na alilipata kwa kusubiri nukta ya mwanga itokee gizani, kama tulivyosubiri sisi.

Kuhusu Io wenyewe ningeweza kuandika mpaka asubuhi. Mwaka 1979 chombo cha Voyager 1 kilipiga picha za volkeno zake zikilipuka, zikirusha vumbi na gesi mamia ya kilomita kwenda juu. Mwezi ule unavutwa na Mshtarii huku, na Europa na Ganimedi kule, unakandwa na kuachiwa bila kupumzika, na msuguano huo unauyeyusha ndani. Nilimweleza mpwa wangu hayo Kibo ikiwa mbele yetu, volkeno iliyolala, na nikaona akiutazama mlima wake kwa namna nyingine.

Sasa anataka kupima mwenyewe. Tulikaa mezani na kalamu: mizunguko minne ya Io ni siku saba na karibu saa mbili, kwa hiyo Ijumaa ijayo utatoka tena kivulini, safari hii saa tano usiku na dakika kadhaa. Atashika saa, mimi nitaangalia, halafu tutabadilishana. Dada ameshakubali alale kwangu, mradi Jumamosi asubuhi awahi masomo ya ziada.