Baiskeli ya kukaa wima: nimezunguka weee mpaka nimeishia kwenye "ya kike"

Niseme tu ukweli, sikuingia kwenye hizi baiskeli za kukaa wima kwa mapenzi, niliingizwa na vidole. Miaka kama sita hivi nilikuwa na mauntenbaiki, usukani uko chini na umenyooka kama mpini, mwili wote unaulalia kwa mbele, ukifika unakoenda shingo imekaza na viganja vimekufa ganzi, ila si unajua tena mtu ukishazoea unaona ndo baiskeli zilivyo. Nikavumilia. Sasa kuna siku vidole viwili vya mwisho, kile kidogo na jirani yake, viligoma kuamka tangu asubuhi hadi jioni, kushika kijiko shida, kufunga kifungo shida, nikaambiwa kuna mshipa wa fahamu unapita pale kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, ukiegemea usukani muda mrefu unaubana. Hapo ndo nikasema basi.

Nikaanza kutafuta. Kumbe "kukaa wima" ni jina moja lakini ndani yake kuna ukoo mzima, na humo wapo ndugu wasiofanana kabisa.

Kabla sijaenda kwenye aina, kuna kitu laiti ningekijua mapema kingeniokolea muda mwingi. Ukiwa umeinama uzito wako unagawanyika, mikono inabeba, miguu inabeba, makalio yanabeba. Ukikaa wima mikono inastaafu na mzigo wote unashuka kwenye makalio, halafu kila shimo unalopita linapanda moja kwa moja uti wa mgongo. Kwa hiyo siti ndo kila kitu. Ile siti nyembamba ya mashindano imetengenezwa kwa mtu aliyeinama, nyonga yake imezungukia mbele, wewe ukikaa wima juu yake ni mateso matupu. Unataka siti pana nyuma yenye springi chini, na pana sio laini eti, maana ile laini kama godoro dakika ishirini za kwanza utaipenda, baada ya hapo unazama ndani na inaanza kubana pasipotakiwa kubanwa. Mimi nilihamisha siti yangu ya zamani nikaifunga kwenye baiskeli mpya kwa sababu nilikuwa nimeizoea, wiki moja tu nikaifungua mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Haya, ya kwanza niliyoijaribu ni lile dude jeusi la kizamani, rodista, la asili ya Uingereza, lenye breki za fimbo za chuma badala ya waya na magurudumu ya inchi 28. Jamani ile kitu inateleza! Uma wa mbele umelala sana na magurudumu yamekaa mbalimbali, kwa hiyo kwenye njia mbovu inapita kama mtumbwi, haina papara, unaweza kuwaza mambo yako. Ila ni nzito, kilo 20 hivi si ajabu, na fremu yake ni ndefu, mtu mfupi akisimama bomba la juu linamsalimia vibaya. Na breki zake mvua ikinyesha ni za kuomba Mungu, mpira wa breki kwenye rimu ya chuma iliyolowa unashika baada ya gurudumu kuzunguka mara kadhaa, kama wewe ni mtu wa kushtukiza breki dakika ya mwisho hiyo siyo yako.

Na kuna mtego wa matairi humo. Nilinunua tairi limeandikwa 28, nikafika nyumbani nikavuta, nikasukuma, nikaweka sabuni, halikuingia. Kumbe inchi 28 ziko zaidi ya moja! Ya rodista ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa kwenye rimu, na ile 28 nyingine ya baiskeli nyingi za kisasa ni 622. Tofauti ya milimita 13 tu lakini huwezi kuibembeleza ikubali. Aliyeniuzia akasema eti nimevuta kwa uvivu. Sasa hivi sisomi tena inchi, naangalia zile namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 40-635, ya kwanza ni unene na ya pili ni hiyo ya rimu, ikilingana imelingana.

Baada ya hapo nikapanda ya Kiholanzi. Hii ni kama mtoto wa rodista aliyelelewa vizuri. Usukani umepanda juu na umerudi nyuma mpaka unakufuata mikononi, cheni imefungiwa ndani ya kasha haiguswi na vumbi wala haili suruali, taa iko palepale, stendi, karia, madigadi kamili, yaani unavaa nguo zako za kazini na unapanda. Breki ya nyuma nyingi ni ya kurudisha pedali. Mimi hiyo ilinisumbua, maana nina tabia nikisimama narudisha pedali nyuma ili niiweke tayari kwa kuondokea, kwenye hii ukirudisha umefunga breki, unabaki umesimama na pedali ipo chini, wote wanakupita. Utazoea, lakini jua mambo mawili, cheni ikichomoka hiyo breki imeondoka nayo, na kwenye mteremko mrefu sana inapata moto. Kwa hiyo hakikisha na gurudumu la mbele lina breki yake ya mkono, usikubali kuambiwa haina umuhimu.

Kruza sasa. Ile ya tairi nene na usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Asili yake ni Marekani, kampuni ya Schwinn ilitoa matairi yale manene mwaka 1933 na umbo halijabadilika sana mpaka leo. Kwa macho ni nzuri hakuna mfano, nami niliipenda kwa picha kabla sijaipanda. Tatizo watu wengi wanaiendesha siti iko chini sana ili miguu ifike ardhini, magoti yanapanda mpaka kifuani, hakuna nguvu ya kukanyaga, na nyingi ni gia moja. Kwenye tambarare ni raha ya sultani. Kilima kikitokea unashuka unakokota, na kukokota kitu kizito kilimani unajiuliza hivi nani kambeba nani.

Ila kuna toleo lake moja naliheshimu, wamesogeza pedali mbele kidogo, hivyo unaweza kuweka nyayo zote mbili chini bila kushuka kwenye siti na bado mguu unanyooka ukikanyaga. Mtu mzima anayejifunza leo, au aliyewahi kuanguka na bado ana woga, ningempa hiyo bila kufikiria mara mbili. Ina bei yake (siyo ya hela), huwezi kusimama juu ya pedali ukaweka uzito wako, kwa hiyo vilima bado ni adui.

Zile za kukunja nitapita haraka, ni kwa mtu anayepanda treni au anayeishi ghorofani, gurudumu dogo linahesabu kila kokoto. Za magurudumu matatu wanasema ni salama kwa wazee, zikisimama ndiyo, ukikata kona kwa kasi zinataka kupinduka upande wa nje kwa sababu hazilali kama baiskeli ya kawaida.

Halafu kuna haibridi, ya mjini, hiyo ni kukaa wima nusu. Unainama kidogo tu, mikono inasaidia kidogo, gia nyingi. Kama safari yako ni ndefu na kuna upepo na vilima, kiukweli hii ndo ya maana kuliko zote nilizotaja. Watu wa baiskeli za wima hatupendi kuongelea upepo, ila ukikaa wima kifua chako ni tanga na linavuta upande mbaya. Mimi ningeichukua haibridi kama si vidole, hata ule uzito kidogo wa mikono baada ya nusu saa nilikuwa nausikia.

Nikabaki na ya Kiholanzi. Sasa kimbembe. Iliyonitosha vizuri kuliko zote ilikuwa ile isiyo na bomba la juu, ile watu wanaita "ya kike". Nilizunguka siku tatu najidanganya nyingine inanitosha. Lakini kiuno changu si cha miaka ishirini, kurusha mguu juu ya karia yenye mzigo ni sarakasi, siku moja nilipiga teke mfuko wangu mwenyewe nikalala nao chini. Wenyewe Waholanzi wanaiita baiskeli ya bibi, na wanaume wazima wanaipanda kila siku na suti zao hakuna anayegeuka. Bomba lile lilishushwa kwa ajili ya sketi ndefu za enzi hizo, lakini goti bovu nalo linafaidika. Nikaichukua. Shemeji yangu alicheka kama wiki mbili hivi halafu akachoka.

Ina gia tatu ndani ya habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu. Mfumo huu ni wa zamani sana, kampuni ya Sturmey-Archer ya Uingereza walianza nao mwanzoni mwa miaka ya 1900, na ile habu yao maarufu iitwayo AW ya mwaka 1936 ukiangalia hesabu zake ni rahisi, gia ya kati ni kama ilivyo, ya chini inapunguza robo, ya juu inaongeza theluthi. Utamu wake unabadilisha gia ukiwa umesimama kabisa. Ubaya ni kwamba nyingi zinatoka kiwandani zikiwa nzito kukanyaga, zimepangiwa mtu mwenye mapaja ya chuma kwenye nchi tambarare. Yangu ilikuwa na kisahani cha cheni cha meno 18 nyuma, nikamwambia fundi afunge 22, akaongeza na pingili za cheni, ikawa baiskeli nyingine kabisa! Kabla ya kuacha baiskeli ya gia tatu kwa sababu ya kilima jaribu hicho kwanza, ni kisahani kidogo tu.

Na ukienda kujaribu usizunguke uwanjani dakika mbili ukasema imekufaa. Panda nusu saa. Panga siti kwanza, kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa na mguu unyooke, ukiweka unyayo kawaida goti litabaki limekunjika kidogo tu. Tafuta kilima, tafuta barabara mbovu, shuka na upande mara tano na mzigo nyuma. Muuzaji akinuna mwache anune.

Upepo wa mbele bado sijauweza, nakunja viwiko, naweka gia ya kwanza, watu wananipita. Springi za siti nazo zimeanza kulia, nimepaka grisi mara mbili wapi, kama kuna mtu anajua dawa aniambie.